Wezi wa Jumanne

Bwana Rabearimisa alifika kwetu Ambodihasina Jumapili mchana, kwa miguu, suruali kaikunja hadi magotini na viatu kavishika mkononi. Alikuwa ametumwa kutoka Antananarivo aje achunguze kwa nini sisi ni maskini. Gari lake aliliacha kilomita kumi na nne nyuma, kwa sababu dereva wake aliliona daraja letu la magogo akasema yeye ana watoto bado wadogo. Mbao za serikali zilichukuliwa na kimbunga miaka sita iliyopita. Magogo tuliyatandika wenyewe, wanaume kwa wanawake, wiki mbili kabla ya mgeni huyo kuja.

Alipangiwa kulala kwangu maana mimi ndiye mwenye kitanda cha springi. Naitwa Soavavy. Marehemu mume wangu aliniachia kitanda hicho, miti kumi na miwili ya lichi, na mdomo ambao watu wanasema nilikuwa nao tangu zamani. Mgeni hata maji hajamaliza kunywa, akatoa dodoso lake lenye kurasa arobaini.

"Mama, kwa wiki mna siku ngapi msizofanya kazi?"

"Kazi gani?"

"Ya shamba."

"Jumanne ni mwiko kwetu. Tangu enzi za babu yetu mkuu."

Akaandika. "Na misiba?"

"Inategemea nani kafa."

Akaandika hilo nalo. Alijumlisha, akapiga mstari, akanigeuzia karatasi kama daktari anayekuonyesha uvimbe wako. "Siku mia na kumi na saba kwa mwaka! Unaona, mama? Theluthi ya mwaka mnaitupa mtoni."

"Na daraja je? Umelipita mwenyewe."

"Daraja lina dodoso lake. Ni la wizara nyingine."

"Linakuja lini?"

"Walishakuja mwaka juzi," akasema, akifunika kalamu yake. "Ila hawakufika. Daraja lilikuwa bovu."

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania hata kidogo. Nikaenda jikoni kumpikia wali, maana mtu wa namna hiyo ukikaa naye karibu unaweza kusema neno la kukugombanisha na serikali.

Sasa niseme habari ya lichi, maana ndizo zilizotukosesha usingizi wiki ile. Lichi ni ndugu yake shokishoki, ila hana nywele. Huiva zote kwa mkupuo mmoja, na ukishaichuma una siku mbili tu; ya tatu inageuka kahawia na hata nguruwe anaifikiria kwanza. Meli ya kuzipeleka Ulaya hungoja bandarini Toamasina, na hakuna ruhusa ya kuchuma mpaka tarehe itangazwe. Miaka yote walikuwa wakija wachuuzi wa mitumbwi na kutupa bei waliyoitaka wao, kwa kuwa walijua tunda halisubiri na sisi hatuna pa kwenda.

Mwaka ule nikasema basi. Nilitembea siku nzima hadi kwa Siong, mnunuzi mkubwa wa barabara kuu. Babu yake alitoka China, lakini Siong mwenyewe kazaliwa papa hapa pwani, na kwa matusi ya kwetu hana mpinzani.

"Tengenezeni daraja, nami nitaleta lori," aliniambia. "Safari mbili. Moja mjaze ninyi, ya pili wajaze jirani zenu wa Ankazomena. Lakini lori langu likirudi tupu, Soavavy, nitakisahau kijiji chako, na mto wako, na wewe na huo mdomo wako."

Ndipo tukatandika magogo. Ndipo nikasimama mbele ya watu wote, nikawafukuza wachuuzi wa mitumbwi, wakaondoka wakimtukana mama yangu ambaye hajawakosea kitu. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi: lori lisipojaa, halirudi tena, wachuuzi nao hawaji, lichi za kijiji kizima zinakuwa za popo, na mimi sina pa kuuficha uso wangu.

Jumapili hiyo hiyo jioni redio ikatangaza. Uchumaji kuanza Jumanne. Meli kufunga milango Ijumaa. Papo hapo ukaja ujumbe wa Siong kwenye simu yangu: lori kwetu Jumanne saa tisa, lori kwa Ankazomena Alhamisi.

Kibaraza kizima kilinigeukia. Jumanne! Kati ya siku saba za Mungu, serikali imechagua ile ambayo ukoo wetu haugusi shamba. Na ili mambo yakamilike, wenzetu wa Ankazomena, ng'ambo ya mto, mwiko wao ni Alhamisi.

Nilipanda kilimani, ambako mtandao hutosha kuongea, nikampigia Siong. "Tupe Jumatano."

"Jumatano lori liko kwingine."

"Siong, unajua mila zetu."

"Nazijua. Lakini meli haina mizimu, mama yangu," akasema, na simu ikakatika.

Jumatatu asubuhi tukaenda kwa mzee Botofasy. Huyo ndiye tangalamena wetu, mshika fimbo nyekundu, anayesema na mababu kwa niaba yetu. Sikio lake moja halisikii, na yeye ndiye anayeamua leo akupe lipi. Mgeni alitufuata na dodoso kwapani.

Kwetu huwezi kufika kwa tangalamena ukasema tu shida yako. Lazima kwanza uombe radhi kwa kufungua kinywa mbele ya waliokutangulia, kisha uombe radhi kwa kuomba radhi vibaya, kisha uweke methali, nao wakujibu kwa methali. Mimi ni mwanamke wa haraka, lakini nilijitahidi. Nilipofika kwenye neno "lichi", jua lilikuwa utosini na Rabearimisa alikuwa ameandika pembeni: "Muda wa salamu: saa tatu na nusu."

"Nimesikia," alisema mzee Botofasy. "Babu alisema: mwanangu yeyote asifanye kazi ya shamba Jumanne. Siku hiyo mamba alimchukua mkewe akiwa anapalilia. Kwa hiyo haiwezekani."

"Lakini babu, lichi si shamba," akasema kijana mmoja nyuma. "Shamba ni chini. Lichi ziko juu."

"Na mzizi wake uko wapi, mjukuu wangu, mfukoni mwako?"

"Tukipanda leo jioni, tusishuke mpaka keshokutwa?"

"Utajisaidia wapi, juu ya mama mkwe wako?"

Watu wakacheka. Rabearimisa akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Samahani, mzee. Hamuwezi kuwaomba mababu wabadilishe siku?"

"Tunaweza sana. Ng'ombe mmoja, pipa moja la betsabetsa, pombe yetu ya miwa, na siku njema iliyopigiwa ramli."

"Na siku njema iliyo karibu ni lini?"

"Jumamosi."

Meli Ijumaa. Nilitaka kulia, na sikuona haya kuionyesha hamu hiyo.

Wakati huo sauti ikavuma kutoka njiani. "Jamani, nasikia kesho ni sikukuu ya popo huku! Nimekuja kuwapa pole kabla sijaanza kucheka!"

Ni Lezoma wa Ankazomena. Mtani wetu. Babu zetu na babu zao walichanjana damu zamani, na tangu hapo wao na sisi ni kutukanana tu, hakuna kukasirika. Mtani anaweza kuja msibani kwako akalala kwenye jeneza. Anaweza kubeba chungu chako jikoni, wewe ukabaki kupiga kelele za "mwizi!" huku unacheka. Lezoma ana tumbo la watu watatu na sauti ya watu sita.

"Lezoma, uso kama kisigino!" akamkaribisha mzee Botofasy.

"Shikamoo, mzee, bado hujafa? Mimi ubao wa jeneza lako nimeshaukalia mpaka umepinda." Akapita katikati yetu, akaokota kuku wa mzee aliyekuwa akidonoa mlangoni, akamtia kwapani, akashika njia ya mtoni.

"Mwizi!" akapiga kelele mzee, macho yanamcheka. "Mwizi, kuku wangu!"

Rabearimisa alisimama. "Mzee! Anaondoka naye kweli! Mbona hamumzuii?"

"Nimzuie kwa lipi? Mtani akichukua, hata mababu hawaulizi. Si mwanangu, si kibarua wangu. Ni mwizi wa..."

Akainuka. Mimi nami nilikuwa nimeshainuka. Tulitazamana, mzee na mimi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona masikio yake yote mawili yanafanya kazi.

"Soavavy," akasema polepole. "Ngoja kabla hujakimbia. Ukimwomba aje, amekuwa mkono wako. Ukimlipa, au ukimwahidi, amekuwa kibarua wako. Mkono wako na kibarua wako ni wewe mwenyewe, na babu si mjinga. Mtani lazima aibe kweli. Umenielewa? Kweli."

"Na akishaiba kweli, lichi ni za nani?"

"Za mwizi. Ndiyo maana ya kuiba."

Nilikimbia hadi mtoni na gauni langu nimelikusanya mkononi. Lezoma alikuwa ameshaingia mtumbwini, kuku amemkalisha mbele kama abiria. Ningemwambia nini? Neno la kuomba limekatazwa. Nikabaki na lile ambalo halijakatazwa.

"Lezoma! Bahati yetu ninyi ni waoga! Kesho kijiji kizima tunakaa vibarazani, mikono mapajani! Lichi zinaning'inia, mbwa tumewafunga! Lakini mtaiba nini, watu wa Ankazomena, hamjui hata kupanda ngazi!"

Kafi lilisimama majini. "Soavavy, unanitukana au unaniambia kitu?"

"Nakutukana!"

"Hebu nitukane vizuri basi, nielewe."

"Na lori la saa tisa likija, hamna hata jicho la kujua kishada kilichoiva! Vikapu vyenyewe mnasukia kuku!"

Lezoma alimtazama kuku wake, akatikisa kichwa. "Nimetukanika," akasema, na akapiga kafi kwenda zake. Sikujua kama ameelewa. Sikuruhusiwa kumuuliza.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu ya Rabearimisa ilikuwa Jumanne, kwa hiyo jembe halikuwezekana, akakaa nasi kibarazani kutazama tunavyopoteza siku. Kumepambazuka, hakuna kitu. Jua likapanda, mto mtupu. Jirani yangu aliniuliza kwa upole kama nina ndugu mji mwingine.

Halafu tukasikia nyimbo. Mitumbwi ilitoka kwenye kona ya mto, thelathini na kitu, imejaa wanaume, wanawake, vikapu na ngazi. Mbele kabisa Lezoma, amefunga uso kwa kanga ya mkewe kama jambazi, ila tumbo liko nje, na hilo tumbo analijua kila mtu mpaka Toamasina.

"Wezi!" tukapiga kelele kijiji kizima. Sijawahi kupiga kelele kwa furaha namna ile. "Wezi wamekuja!"

"Kaeni chini, maskini ninyi!" wakajibu. "Anayetikisika tunamwibia na mume!"

Wakavamia. Ankazomena nzima ilikuwa juu ya miti yetu. Na sisi hatukugusa hata jani, hilo lazima nilishuhudie mbele ya mababu. Tulikaa mikono mapajani. Lakini hakuna mwiko wa kutukana.

"Mwizi gani huyo anakata tawi zima! Kata kishada peke yake, na majani mawili, mama yako hakukufundisha wizi?"

"We dada wa mti wa tatu! Hizo bado kijani! Kuiba hujui, kuchagua hujui!"

"Jamani, mwizi mwenye kikapu kilichotoboka! Aibu! Vikapu vizima viko nyuma ya nyumba yangu, msije mkavichukua tu!"

Wakavichukua. Mchana, kwa bahati mbaya sana, kila mwanamke wa Ambodihasina alikuwa amepika wali wa watu kumi na samaki wa nazi, akausahau nje bila kifuniko. Wezi wakaula wote. Rabearimisa alikimbia huku na huku, jasho linamtoka.

"Mama Soavavy, mwiteni polisi! Mnaibiwa mazao ya mwaka!"

"Polisi yuko ng'ambo ya daraja, kaka yangu. Dereva wako atakueleza."

"Sasa niandike nini? Leo hamfanyi kazi, lakini kazi inafanyika!" Aliangalia safu zake moja baada ya nyingine. Mwishowe akaandika: "Hasara kutokana na wizi: asilimia mia."

Saa tisa lori likaja likilia, Siong mwenyewe kando ya dereva. Vikapu vilikuwa vimepangwa mtoni, vyekundu, vizuri, kishada kimoja kimoja na majani yake. Siong alifungua kimoja, akanusa, akaguna kwa kuridhika. Kisha akatoa kitabu cha stakabadhi.

"Mzigo wa nani huu? Anayeshika karatasi hii ndiye nitakayemlipa Jumamosi, hata akiwa mbuzi."

Mimi nilimtazama Lezoma, na Lezoma akakohoa.

"Wangu," akasema. "Nimeuiba kwa jasho langu. Andika Lezoma, mwizi."

Siong akanitazama. Mimi ningesema nini? Nikisema ni wetu, basi hawa walikuwa vibarua wetu, na tumevunja mwiko, na mzee Botofasy yuko pale na fimbo yake. Siong akachana karatasi, Lezoma akaitia mfukoni mwa shati, akapanda mtumbwi na watu wake, wakaenda zao wakiimba. Lori likaondoka limejaa pomoni, kama nilivyoomba. Na sisi tukabaki na miti mitupu na masufuria ya kuosha.

Jumatano ilikuwa siku mbaya. Hakuna aliyenitukana, na kwetu hiyo ndiyo dalili ya hatari. Jirani alileta kikapu changu alichokuwa ameazima, akakiweka mlangoni akaenda zake. Rabearimisa alikaa nami jikoni, akaniambia kwa huruma ya kweli, "Mama, sasa nimeelewa kwa nini ninyi ni maskini." Nilimpa mgongo ili asione machozi. Nilikuwa najiuliza mwenyewe: Lezoma ni mtani wangu, lakini Lezoma ana watoto saba na paa linalovuja. Mimi ningekuwa na karatasi ile mfukoni, ningefanya nini?

Jioni tukakutana. Vijana walisema kesho ni mwiko wa Ankazomena, basi na wao lichi zao ziwaozee mtini, tuone nani atacheka.

"Na lori la kesho likirudi tupu?" nikauliza.

"Lirudi! Limetusaidia nini?"

"Mwaka ujao..."

"Mwaka ujao, mwaka ujao! Mwaka huu tunakula nini, Soavavy? Daraja?"

Hapo ndipo ikasikika ile sauti ya watu sita kutoka ng'ambo ya mto, ikivuma juu ya maji.

"Enyi wa Ambodihasina! Kesho sisi tumekaa vibarazani! Lichi zetu hazina mlinzi! Lakini mtakuja wapi, miguu yenu imeota mizizi kwa kukaa!"

Watu walinung'unika. Kijana mmoja akaokota jiwe. Mimi nilisikiliza lile tusi mara ya pili na ya tatu, maana Lezoma alilirudia, na kila alipolirudia sauti ilikuwa juu zaidi, mpaka mwishoni ilianza kukatika. Nililijua tusi la namna hiyo. Nilikuwa nimelitoa mwenyewe Jumatatu, gauni mkononi.

"Mimi naenda kuiba," nikawaambia. "Anayetaka kuja, aje na kikapu."

Walikuja. Wengine kwa hasira, wengine kwa kuwa hawakuwa na la kufanya, wote kwa matusi. Alhamisi asubuhi tukavuka. Ankazomena walikuwa wamejipanga vibarazani, mikono mapajani, wakipiga kelele za wezi. Lezoma alinielekeza kwa matusi mti hadi mti. "We mama, mti huo wa bondeni ndio mtamu, usije ukauona!" Nikauona. Mke wake alikuwa amesahau sufuria zima la wali na kisamvu. Tulichuma mpaka mikono ikapasuka, na sitaki kudanganya, wako wenzangu waliokuwa wakichuma huku wanahesabu kisasi.

Tulivusha mzigo hadi kwetu. Watu wa Ankazomena walikuja nyuma yetu, bila kugusa kikapu hata kimoja. Lori likafika. Siong akanusa, akaguna, akatoa kitabu.

"Mzigo wa nani?"

Nilimtazama Lezoma. Hakuwa anacheka. Tumbo lake lenyewe lilikuwa limetulia. Watoto wake saba walikuwa nyuma yake, na mke wake ameshika ncha ya kanga kwa meno. Nikaona kwamba siku ile yote ya Jumatano, nilipokuwa nikilia jikoni kwa kumwogopa yeye, yeye alikuwa ng'ambo akiniogopa mimi.

"Wangu," nikasema. "Andika Soavavy, mwizi."

Siong akachana karatasi. Niliishika, na kusema kweli ilikuwa nzito. Nyuma yangu mtu alinong'ona, "Shikilia hapo hapo, dada, tumelipana." Na kwa hesabu ya haki, labda tulikuwa tumelipana. Ila mzigo wetu ulikuwa mkubwa kuliko wao, na kila mtu alijua.

Hapo Lezoma akajipepea kwa kiganja. "Joto gani hili! Mimi naoga." Akavua shati. Akalitundika kwenye kioo cha lori, mfuko umetazama nje, kipande cha karatasi kinachungulia. Akaingia mtoni, akatupa mgongo, akaanza kujisugua makwapa. Lezoma hapendi maji, wote tunamjua. Alisugua kwapa moja mpaka nikahofia litatoka.

"Mama Soavavy!" alisema Rabearimisa, akininong'oneza kwa msisimko. "Karatasi yenu! Ameiacha!"

"Kaka yangu, na wewe geuka, una adabu gani?"

Nilikwenda mpaka kwenye lori. Nikaitoa stakabadhi yetu mfukoni mwa shati lile lililonuka samaki. Kisha nikavua kofia yangu ya ukili, nikaiweka juu ya kikapu, na ile karatasi ya Ankazomena ndani yake, nikasema kwa sauti, "Nimechoka mimi, hata kofia siiangalii tena," nikaenda kumsuka mtoto wa jirani ambaye alikuwa ameshasukwa.

Niliposikia mtu anatoka majini kwa kishindo, sikugeuka. Nilihesabu mistari ya nywele. Kisha Lezoma akapiga ukelele uliotisha ndege wa ng'ambo zote mbili.

"Mwizi! Soavavy kaniibia! Mfuko mtupu!"

"Mwizi!" nikajibu, na sauti yangu ikavunjika katikati. "Nimeibiwa hata kofia!"

Kweli, kofia nayo alikuwa ameichukua. Watu wa vijiji viwili wakapiga kelele za wezi mpaka Siong akaziba masikio. Alikuwa ameelewa kila kitu, maana alipanda lorini akisema, "Mwaka ujao naleta malori mawili, mnipangie na siku za kuibiana mapema, washenzi ninyi."

Ijumaa asubuhi Rabearimisa alikuwa anaondoka. Kurasa thelathini na tisa zilikuwa zimejaa. Alinikalisha kibarazani kwa ukurasa wa arobaini, na Lezoma, ambaye alikuwa amekuja kuniibia kifungua kinywa, alikuwa pembeni anakula wali wangu kwa mkono mzima.

"Swali la mwisho, mama. Je, unawaamini majirani zako? Kabisa, kiasi, au hapana?"

Lezoma aliacha kutafuna. Mimi nilimtazama, na kofia yangu kichwani mwake. Ningesema ninavyohisi, ule wizi ungegeuka mapatano, Ankazomena ingekuwa kibarua wangu kuanzia siku ile, na Jumanne nyingine ya namna ile isingewezekana tena.

"Hapana," nikasema. "Wezi wakubwa hawa."

"Na wewe, bwana?"

"Huyu mwanamke?" alisema Lezoma, punje za wali zinamtoka. "Hata msiba wangu simwambii, ataiba maiti."

Rabearimisa alitikisa kichwa kwa uchungu, na nilimhurumia, maana alikuwa mtu mwema aliyetaka kutusaidia. Akaandika polepole chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi kubwa, akapiga mistari miwili: "Kikwazo kikuu cha maendeleo: hawaaminiani." Kisha akavua viatu vyake, akakunja suruali, akaanza safari ya kwenda darajani.